Makoti Kumi na Saba ya Klabu ya Tausi

Siku ya kwanza nilipokutana na Siti Inshirah nilikuwa nimepiga magoti, nagonga sakafu kwa nyundo ndogo. Ndiyo kazi yangu. Nanunua nyumba za zamani za Iskandaria kabla hazijabomolewa. Nyumba zenyewe siziwezi. Nanunua matumbo yake: milango, marumaru, vioo, vigae, ngazi za chuma. Duka langu liko Attarini. Nililianza na kitasa kimoja nilichokiokota jalalani, na leo nina maghala mawili. Kigae kizima ukikigonga kinalia kama sahani ya kaure. Kibovu kinalia kama kichwa cha shemeji yangu.

"Gonga taratibu," sauti ikasema. "Hiyo sakafu imechezewa na watu wenye heshima zao."

Nikainua kichwa. Ukutani kulikuwa na dirisha kama la kukatia tiketi, na nyuma yake mwanamke wa miaka sitini na kitu, sweta la zambarau, ameketi kwenye kiti cha mbao, anatafuna mbegu za maboga.

"Wewe nani?" nikamuuliza.

"Mimi ni chumba cha makoti. Na wewe, Haji?"

"Mimi ni Zanati, na sijahiji."

"Utahiji. Mtu anayevipigia magoti vigae hivi, Makka haimshindi."

Klabu ya Tausi ilikuwa imefungwa miaka mitatu. Nilijua hivyo kwa sababu mwenye jengo, Daktari Munir Ghattas, daktari wa meno, ndiye aliyenipa ufunguo. Alirithi jengo kwa baba yake, na baba yake alilinunua kwa Mgiriki aliyekuwa anafunga masanduku. Daktari alitaka kulibomoa ajenge ghorofa kumi na nne. Mimi nilishampa malipo ya awali kwa kila kilichomo ndani. Kuhusu mtu kuwamo ndani, hakunitajia.

"Siti, klabu imefungwa," nikasema.

"Klabu imefungwa. Chumba cha makoti hakijafungwa. Nina makoti ya watu, kumi na saba."

"Watu wenyewe wako wapi?"

"Wametoka kidogo."

"Tangu lini?"

Akatema ganda. "Wa kwanza, tangu sitini na moja."

Nikachungulia. Misumari ya kutundikia ilikuwa mia mbili, mitupu, isipokuwa kule mwisho. Hapo palining'inia vitu vimefunikwa shuka nyeupe, kama foleni ya wagonjwa. Kila kimoja kilikuwa na kipande cha shaba cha mviringo chenye namba. Pacha wa kile kipande alikuwa mfukoni mwa mwenye koti, popote alipo, Athene, Melbourne au kaburini.

Akanipa masharti yake bila kuombwa. "Makoti haya nilipewa mkononi. Anayeleta namba anapewa koti. Asiye na namba hapewi, hata akiwa mwenyewe, hata akilia. Siku la mwisho likichukuliwa na mtu mwenye namba, mimi nabeba mkoba wangu na hiki kiti, na wewe bomoa mpaka uchoke. Kabla ya hapo ukigusa ukuta huu nitapiga ukelele mmoja tu, Haji, na mtaa mzima utakuja."

Nikaenda kwa Daktari. Nilimkuta ana mgonjwa mdomo wazi.

"Mtoe," nikamwambia.

"Mtoe wewe. Mimi wagonjwa wangu wote ni wa mtaa ule. Nikimtupa Inshirah barabarani, kesho nani atanifungulia mdomo?"

Mgonjwa akatikisa kichwa kuunga mkono, sindano ikiwa bado kwenye ufizi.

Basi nikarudi kufanya biashara kama ninavyoijua. Ikiwa bei ya yule mama ni namba, nitampa namba. Nilimwendea fundi shaba, akanikatia kipande chenye namba nne, tukakilowesha kwenye siki siku mbili kikawa cheusi kama cha enzi za Farao. Nikampa jirani yangu dukani, mzee mwenye sura ya kigeni, nikamvalisha tai. Akaenda mpaka dirishani na kusema kwa sauti nzito, "Bibi, nimekuja kuchukua koti langu."

Siti Inshirah akakigeuza kile kipande mara moja tu.

"Tundu la hiki liko katikati. Yangu yamelika upande wa kulia, kwa sababu vipande vimekuwa vikitundikwa msumarini tangu vita vya Hitla. Na mwenye namba nne ni mwanamke." Halafu akaniita mimi, niliyejificha nyuma ya nguzo. "Haji! Fundi wako anajua kazi. Mwambie anitengenezee kitasa cha choo."

Nikamtengenezea kitasa cha choo. Mtu aliyekushinda kwenye bei unamlipa, ili siku nyingine akuuzie.

Toka hapo nikawa napita kila wiki, nangoja achoke, na kwa kungoja huko nikamjua. Alizaliwa Damanhuri. Alikuja Iskandaria na miaka kumi na minane, mwaka wa sitini, akaajiriwa na Papayannu mwenyewe, yule Mgiriki mwenye klabu, kwa sababu mikono yake ilikuwa haitoki jasho. Mumewe alikuwa kondakta wa tramu, akafa mapema, hawakuzaa. Chumba chake kilikuwa Karmuzi, ila huko alikuwa analala tu. Kuishi, aliishi Tausi.

Historia ya klabu ile aliijua kwa makoti. Watu wengine wanakusimulia nani aliimba na nani alipiga fidla. Yeye hakuwahi kuona jukwaa hata siku moja, dirisha lake lilitazama mlango.

"Mwanzo kulikuwa na manyoya," alisema. "Mbweha wenye macho ya kioo, wananitazama kazi nzima. Wafanyabiashara wa pamba hao. Halafu wenye manyoya wakapanda meli, yakaja makoti ya sufi ya wahandisi wa Kirusi, mazito, yananuka kabichi. Halafu majoho ya watu wa Ghuba, wakati wa wacheza ngoma ya tumbo. Hao walikuwa wakiacha na viatu. Halafu jaketi za ngozi za vijana. Mwisho wakaja watu wasiovua. Mtu anacheza na jaketi lake mwilini! Hapo nikajua klabu imekufa, kabla Daktari hajajua."

"Mifukoni ulikuwa unachungulia?"

"Haji, na wewe milango ya watu huwa unaramba?"

Aliwahi kumkatalia mkuu mzima wa polisi. Bwana huyo alipoteza namba, mvua inamwagika kama imefunguliwa bomba, koti lake linaonekana pale, lina nyota begani. Siti Inshirah akamwambia alete namba. Yule bwana akarudi kwake amelowa, na kesho yake akaleta namba na boksi la peremende. "Aliipata wapi?" nikauliza. "Kwenye kiatu. Walevi wanaweka kila kitu kwenye kiatu."

Ndipo ikaja kamati ya majengo ya kale.

Ilikuwa mtu mmoja, Ustadhi Labib Fanus, mwembamba, ana mkoba wa ngozi ambao nusu yake ilikuwa faili na nusu yake figili za kupeleka nyumbani. Kazi yake ilikuwa kuandika jengo lipi lilindwe. Nilimpokea kwa mikate minne ya maini yenye pilipili na kitunguu saumu, tukakaa ngazini nje, kwa sababu vumbi lilikuwa linamletea pumu.

"Mimi ndani siingii," akasema. "Kuna nini ndani?"

"Vumbi," nikasema. "Uzuri wote uko ukuta wa mbele. Yule tausi wa plasta juu ya mlango, yale maua. Lindeni ukuta wa mbele, mtu aukute hapo mpaka Siku ya Kiyama."

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Ukuta ungebaki, Daktari angejenga nyuma yake, mimi ningechukua vya ndani. Labib akaandika: ukuta wa mbele. Kila mtu ameshiba, kazi imekwisha. Mwenye akili angenyanyuka pale pale.

Mimi nikatoa orodha yangu. Ilikuwa karatasi tatu za daftari la shule, nimeandika kila nitakachong'oa. Kwanza: klabu, inafanya kazi. Hiyo ilikuwa ya wanunuzi. Ukisema pampu ya bia inafanya kazi bei inapanda. Saba: kaunta, moja. Nane: vioo, sita. Na kuendelea. Ishirini na tatu: Inshirah, mmoja, kwenye kiti. Hiyo niliiandika iwe ukumbusho, mafundi wasibomoe upande ule kabla hajatoka. Ishirini na nne: makoti, kumi na saba.

"Ustadhi, na hii nayo naomba igongwe muhuri," nikamwambia. "Kesho asije mtu kuniambia nimeiba milango ya serikali."

"Muhuri wangu wa ofisi ninao hapa."

"Ule wa serikali, wenye ndege tai."

Labib akaacha kutafuna. Kwetu hapa karatasi isiyo na tai ni ya kufungia bajia za taamia. Muhuri wa kawaida ni wino; wenye tai ndio unaofungua benki, unaozika maiti, unaokupa mke. Nimekulia katika nchi hii, nimewaona watu wakinyang'anywa maduka kwa kukosa tai. Nikasema mimi hawanipati.

"Wa tai uko juu," akasema. "Itabidi karatasi ipande."

"Ipande." Nikamnunulia mkate wa tano ili ipande vizuri.

Ilipanda miezi minne. Huko juu hakuna aliyeuliza. Faili ni la jengo la kale, na tai kwenye faili la jengo la kale ana kazi moja tu: kulinda. Mchapaji akaipiga orodha yangu taipu, akaiunganisha nyuma ya ule ukuta wa mbele, tai akatua chini yake. Labib akarudi akiwa na karatasi kwenye plastiki, akatusomea pale mlangoni, Daktari Munir, mimi na Siti Inshirah. Kila nilichokiandika ili nikibomoe kilikuwa kimelindwa na serikali. Kisihamishwe, kisiuzwe, kisibadilishwe. Kifungo kwa atakayekaidi.

"Inshirah, mmoja, kwenye kiti," akasoma.

"Ndimi," akasema Siti Inshirah.

Daktari Munir alinigeukia. Mtu aliyezoea kung'oa meno anakutazama mdomoni, si machoni. "Wewe ndiye uliyeiandika?"

"Ustadhi Labib," nikasema, "futa hapo ishirini na tatu."

"Nimfute tai? Mimi nina miezi kumi nistaafu."

Siti Inshirah alikuwa anatafuna mbegu zake. "Haji, umeniandika mbele ya makoti au nyuma?"

"Mbele."

"Hapo ndipo ulipokosea. Makoti ndiyo yaanze."

Malipo yangu ya awali Daktari alishayanunulia kiti kipya cha wagonjwa, cha umeme. Kurudisha hakuwa nacho cha kurudisha, isipokuwa niende nikae kwenye kile kiti. Na orodha ilisema wazi: klabu, inafanya kazi. Labib alitufafanulia kwamba ikikutwa haifanyi kazi ni uharibifu. Basi Daktari akanikabidhi klabu badala ya malipo, niiendeshe, na mkataba wenye tai, kwa sababu mwenyewe nilishaonekana nampenda ndege huyo.

Hapo tukapambana na saa. Jengo linalolindwa lazima liwe wazi saa za ukaguzi, yaani saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana. Baada ya saa nane umeme unazimwa, kuogopa moto. Kwa hiyo Tausi, klabu iliyowahi kuchezesha Iskandaria nzima mpaka alfajiri, ikafunguliwa upya saa tatu asubuhi. Bia hakuna aliyetaka saa ile. Niliuza chai ya yansuni na sahlabu, maziwa mazito ya moto. Walikuja wastaafu wa tramu, walimu wa zamani, wajane wa mtaani. Walikuwa wakicheza tango saa tano, na wake zao wamekaa chini ya mpira wa vioo wa darini wanachambua mboga ya mulukhia ya mchana. Ijumaa tulifunga, kwa sababu serikali inafunga.

Nitasema ukweli: nilipata faida. Ndogo, lakini kila siku. Wastaafu hawavunji glasi.

Na wote walivua makoti. Siti Inshirah alikuwa na foleni dirishani. Makoti ya wanaocheza aliyatundika misumari ya mbele. Yale kumi na saba yakabaki kule mwisho ndani ya shuka zao, na kila mwezi Labib alikuja kuyahesabu, kitambaa puani.

Jambo la jino lilitokea mwezi wa tisa. Siti Inshirah aliumwa gego, shavu likavimba. Labib, kwenye ukaguzi, akasimama mbele yake na kalamu.

"Hali ya kipengele ishirini na tatu si nzuri," akasema. "Matengenezo ya vipengele vyote ni juu ya mwenye jengo."

Likaandikwa ombi la ukarabati, nakala tatu. Likapanda, likashuka, limeruhusiwa kwa sharti kwamba vifaa vifanane na vya asili. Daktari Munir, aliyetaka kumtoa mama yule ndani ya jengo lake, akaja mwenyewe na mkoba wa vifaa, kwa sababu kipengele hakiruhusiwi kuhamishwa. Akamziba jino pale pale kwenye kiti, watu wanacheza rumba.

"Funua zaidi," akasema Daktari.

"Nifunue kiasi gani? Mimi si duka."

"Siti, nisaidie basi. Wewe unanigharimu kuliko ukuta wa mbele."

"Taratibu na hilo la pembeni, mwanangu. Hilo ni mali ya umma."

Mimi nilidhani ameshapata yote aliyoyataka. Chumba hakibomolewi, kiti hakitoki, meno yamezibwa. Siku moja nikamwambia hivyo, akanitazama kama ile namba niliyoilowesha siki.

"Nimepata nini? Mimi nayatunza ili yachukuliwe. Ninyi mmeyaandika yasitoke. Akija mwenye namba nitamwambia nini, kwamba tai amelala juu yake?"

"Hatakuja mtu, Siti. Miaka arobaini na saba!"

"Wametoka kidogo," akasema, na akaninyima mbegu.

Alikuja mwezi wa kwanza, wakati wa ile dhoruba tunayoiita Kubwa, bahari inapanda mpaka barabarani. Mwanamke wa miaka themanini, mnyoofu, lipstiki nyekundu, mwavuli umegeuka nje ndani. Ilikuwa saa nne asubuhi na ilikuwa siku ya ukaguzi, Labib amesimama hapo hapo na orodha yake. Yule bibi akaenda moja kwa moja dirishani, akaweka kipande cha shaba.

Tisa. Tundu limelika upande wa kulia.

Siti Inshirah hakukigusa mara moja. "Ulivaa gauni la kijani," akasema. "Bwana wako alikukanyaga upindo hapa hapa mlangoni, mkaanza kugombana."

"Hatujamaliza," akasema yule bibi, kwa Kiarabu cha Iskandaria cha zamani, chenye ladha ya Kigiriki. Jina lake Kalliopi. "Mvua ilikata, tukaondoka tunagombana, koti lake tukalisahau. Wiki ile ile tukapanda meli. Miaka arobaini na saba ananiambia sikulisahau hapa, eti nililisahau kwa mpiga fidla! Ana miaka tisini, yuko kitandani, hawezi kunyanyua kijiko, lakini mpiga fidla anamnyanyua kila siku. Nataka nimwekee koti hilo kifuani nimwambie: haya, nusa. Ndege yangu ni saa kumi na moja."

"Haiwezekani," akasema Labib. "Makoti kumi na saba. Hata kifungo hakitoki."

"Kijana, wewe ni nani?"

"Mimi ni kamati."

Siti Inshirah akaweka mikono juu ya meza yake ndogo. "Ustadhi Labib, huu si urithi wa nchi. Hii ni amana. Nilimwambia huyu mama, lete namba. Ameleta."

"Na mimi nina tai. Siti, nihurumie, nimebakiza wiki tatu. Upungufu wa kipengele kimoja unatoka kwenye kiinua mgongo changu."

"Kimoja tu?" akasema Siti Inshirah. Na akasimama.

Nadhani hakuna aliyewahi kumwona amesimama saa za kazi bila koti la mtu mkononi. Alikuwa mfupi kuliko tulivyodhani. Wazee waliacha kucheza. Akachukua mkoba wake, akaufunga.

"Kaa, Siti," akasema Labib, sauti imepanda. "Umeandikwa kwenye kiti!"

"Koti namba tisa lisipotoka, ishirini na tatu inatoka. Naenda Damanhuri kwa dada yangu. Andika: imepotea."

Akaja mpaka mlangoni, upepo unavuma, mguu mmoja juu ya kizingiti. Labib alikuwa anapumua kama baiskeli yenye tundu. Na mimi, ambaye klabu ikikosa chumba cha makoti ningefungwa kwa uharibifu, nikaona ni wakati wa kufanya kazi yangu.

"Ngojeni," nikasema. "Ustadhi, soma ishirini na nne jinsi ilivyo."

"Makoti, kumi na saba."

"Rangi?"

"Haikuandikwa."

"Ya nani?"

"Haikuandikwa. Ni wewe mwenyewe ulikuwa mvivu."

"Basi yakitundikwa kumi na saba, ni kumi na saba."

Halafu Labib, Kalliopi, Siti Inshirah na wastaafu wote wakanitazama mimi, yaani hawakunitazama usoni. Nilikuwa nimevaa koti jipya la sufi ya kijivu, bitana ya hariri, nilishonewa na fundi wa Manshiya, lina wiki mbili. Ndilo koti langu la kwanza kununua jipya maishani. Mengine yote nilitoa kwenye makabati ya nyumba za kubomolewa.

"Huyu hapo naye ana koti," nikasema, nikionyesha mzee mmoja.

"La huyo lina viraka," akasema Siti Inshirah. "Mali ya umma haiwekwi viraka. Haji, vua."

"Nikivua napata nini?"

"Namba tisa."

Nilifikiri upesi, kama ninavyofikiri mnadani. Koti linakwenda. Lakini ikiwa koti lolote ni koti, basi kaunta yoyote ni kaunta. Ile ya mbao nyeusi ya Kitaliano, yenye thamani ya ghala zima, inaweza kutoka usiku wa leo na ya plaiwudi ikaingia. Vioo sita vya Venisi kwa vioo sita vya kinyozi. Milango minne kwa milango minne. Tai hatajua. Koti moja linanifungulia jengo zima! Nikavua kwa furaha hadi mkono ukakwama.

Siti Inshirah akalitundika. Akashusha shuka la tisa, akakunja koti moja zito la buluu, akalipitisha dirishani kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelala. Kalliopi alinusa ukosi. "Dawa ya nondo," akasema, na akatabasamu kwa kisasi. Akaondoka bila kuaga mtu.

Labib akahesabu. "Kumi na saba," akasema, akafuta jasho. "Alhamdulillahi."

Na mimi, kwa furaha ile, nikafungua mdomo. "Kwa hiyo, Ustadhi, hata kaunta, imeandikwa kaunta moja tu, siyo?"

Kalamu ikasimama.

Nimeuza na kununua miaka thelathini na mbili. Ningemwona kijana wangu wa dukani kafanya hivyo ningemfukuza siku hiyo hiyo. Labib alinitazama muda mrefu, akaona kiinua mgongo chake kinatembea kwa miguu. Akavaa kitambaa puani, akaingia mpaka ukumbini kwa mara ya kwanza, na mpaka saa nane alipima kila kitu kwa futi ya chuma. Kaunta: mbao nyeusi, mita sita na robo, alama ya moto wa sigara kushoto. Vioo: Venisi, cha tatu kina ufa. Makoti akayaelezea moja moja. "Namba tisa: sufi ya kijivu, bitana ya hariri, jipya, la Zanati." Orodha hiyo mpya ikapanda, ikagongwa tai, ikashuka siku moja kabla hajastaafu.

"Haji," akaniambia Siti Inshirah, "wewe unaongea kabla mzigo haujatoka mlangoni."

Hesabu ya mwisho ni hii. Labib alipata kiinua mgongo chake chote. Daktari Munir hakupata ghorofa hata moja, na juzi ameandikiwa kumtengenezea kipengele ishirini na tatu meno ya chini. Kalliopi alipiga simu klabuni, nikapokea mimi. Alimwekea mumewe koti kifuani. Mumewe akalinusa, akaligeuza, akasema si lake, lake lilikuwa la kahawia.

Siti Inshirah bado yuko kwenye kiti. Deni lake la makoti limepungua moja na limeongezeka moja, kwa hiyo hana haraka ya Damanhuri. Mimi nina klabu ya asubuhi, na kipande cha shaba chenye namba tisa. Dhoruba ikivuma nakwenda nacho dirishani. Anakipokea, anakikagua tundu, ananiletea koti, ananiacha nilivae ndani mpaka saa nane. Saa nane analidai. Halafu narudi Attarini na jaketi la nailoni, nimelowa mpaka soksi.